Usikaushe sufuria

Chumvi ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu iliishia kwenye shimo la taka, na sufuria nzima ya maharage ikaifuata. Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni, nimepanda treni kutoka Kigoma mjini kwenda kumsalimia bibi mzaa mama upande wa Uvinza. Siku iliyotangulia bibi alikuwa amenionyesha jinsi wao walivyochemsha maji chumvi zamani, kabla maduka hayajajaa pakiti za nailoni. Mimi, kwa kuwa neno "uvukizi" nilikwisha kulisoma darasani, nikajiona fundi. Alipotoka kwenda msibani nikachota nusu dumu kwenye kijito cha maji chumvi cha pembeni, nikapanga mafiga, nikawasha moto.

Alikuwa ameniachia sharti moja tu. Maji yakibaki kina cha kiungo kimoja cha kidole, ondoa moto, chota chumvi, maji mwaga. Sikuona sababu. Si bado yana chumvi hayo? Nikachochea mpaka sufuria ikakauka kabisa na kuanza kupasukapasuka kama bisi. Nikapata donge la kijivujivu, kubwa kuliko la bibi, nikajipongeza, nikalimega na kulitia kwenye maharage yaliyokuwa yakitokota pembeni.

Mwanzo ilikuwa chumvi kama chumvi. Kisha, nyuma ya ulimi, ukaja uchungu wa klorokwini iliyomezwa bila maji. Bibi aliporudi akaonja kwa ncha ya mwiko, akatema, akanitazama kwa muda. "Mume wangu," akasema, "umeamua kuninywesha dawa ya kuharisha?" Majirani walicheka mpaka jioni. Baadaye, akiwa ananawa mikono, akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Sufuria ya chumvi haikaushwi. Maji ya mwisho si yako."

Sasa nafundisha kemia, na nimekuja kugundua kwamba utani wake wa dawa ya kuharisha ulikuwa kemia tupu. Uchungu ule ni magnesiamu. Salfeti ya magnesiamu ndiyo hiyohiyo chumvi ya Epsom inayouzwa famasi kwa kazi aliyoitaja bibi, na kloridi ya magnesiamu ni ndugu yake wa karibu. Karibu kila maji chumvi ya asili yana kiasi fulani cha magnesiamu. Hujificha humo mpaka mwisho, halafu hutoka kwa pamoja, na anayekausha sufuria hujikuta ameila yote.

Kilichonifanya niandike haya ni picha. Mwaka jana mwalimu mwenzangu alinionyesha kwenye simu picha iliyopigwa kutoka angani: mabwawa ya mstatili, mengine ya bluu, mengine ya kijani, mengine ya manjano kama juisi ya pesheni, yamepangwa jangwani mithili ya vipande vya kitenge. Kando ya mabwawa kulikuwa na vilima vyeupe. Nikamwambia hapo ni Salar de Atacama, kaskazini mwa Chile, na vile vilima ni chumvi.

"Wanaiuza bei gani?"

"Sehemu kubwa hawaiuzi. Wameirundika tu iwapishe."

Alinitazama kama nimemtukana. Kwa mtu wa Kigoma chumvi si kitu cha kurundika ikupishe. Lakini ndivyo ilivyo: kule wanafanya kazi ya bibi kinyumenyume. Chumvi inaondolewa kama uchafu, na yale maji machungu ya mwisho, ambayo kwetu humwagwa, ndiyo yanayopakiwa kwenye malori. Ndani yake kuna lithiamu, ile ya betri za simu tunazozishika.

Niseme kwanza jinsi madini yanavyotoka majini, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wote. Hayatoki kwa vurugu, hutoka kwa zamu. Kila chumvi ina kiwango ambacho maji yanaweza kuibeba, na maji yakipungua, ile isiyobebeka kwa urahisi hushuka kwanza. Hutangulia kabonati ya kalsiamu, yaani chokaa. Inafuata jasi, hii tunayoiona kwenye dari za nyumba za kisasa. Kisha inaganda chumvi yenyewe, kloridi ya sodiamu, kwa wingi kiasi kwamba unaweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Bado kuna chumvi za potasiamu, halafu za magnesiamu, na nyuma yao wote lithiamu. Umeshahudhuria harusi ukaona wale wanaoondoka mara tu baada ya pilau? Ndiyo chokaa hao. Lithiamu ni yule anayebaki mpaka viti vinakusanywa.

Tarakimu zinasaidia. Maji ya bahari, kilo moja, yana gramu 35 hivi za chumvi zote kwa pamoja. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa yana gramu 260 na ushee kwa kilo. Dumu la lita 20 la maji yaliyoshiba lina uzito wa kilo 24, nawe ukilichemsha utatoa zaidi ya kilo 6 za chumvi. Dumu hilohilo la maji ya bahari litakupa robo tatu ya kilo, tena ukichanganya na mambo mengine yote. Wazee walipima ukali wa maji chumvi kwa yai: likielea, maji yana nguvu. Ni kipimo kizuri, ila kina ulaghai kidogo, maana yai huanza kuelea chumvi ikiwa kama asilimia 11 tu. Baada ya hapo linaelea na kuelea bila kukuambia zaidi, labda uangalie ni kiasi gani cha ganda kimetokeza juu.

Uvinza maji ya namna hii hububujika yenyewe kutoka ardhini, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi hizo, wakakuta matabaka ya vigae vya vyungu na mabaki ya sehemu za kuchemshia, na ya chini kabisa yalirudi nyuma mpaka karibu karne ya 5 au ya 6. Miaka 1,500, watu wanachochea moto mahali pamoja. Kazi ilikuwa ya kiangazi, kwa kuwa masika mto hupanda na kuzimeza chemchemi. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipopita njia hiyo mwaka 1858 wakielekea Ujiji, chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya siku nyingi, ikisafiri vichwani mwa wapagazi hadi Unyamwezi na kuvuka kwenda Uha na Burundi. Wajerumani walipokuja wakajenga kiwanda, wakapaita Gottorp, jina ambalo sijawahi kumsikia mtu yeyote wa Uvinza akilitamka. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ikapanda behewa, na mpaka leo treni ikisimama Uvinza kuna mtu dirishani anakuuzia mfuko.

Nikisoma habari za Salar de Uyuni, kule Bolivia, huwa naiona Uvinza ikiwa imepandishwa mlimani. Uyuni ni uwanda wa chumvi wa kilomita za mraba zaidi ya 10,000, mita 3,656 juu ya usawa wa bahari, tambarare kiasi kwamba tofauti ya urefu toka upande hadi upande haifiki mita moja. Kwa unyoofu huo hutumika kusahihishia vipimo vya satelaiti. Watu wa kule walikata mabonge ya chumvi na kuyafunga migongoni mwa wanyama wao waitwao lama, wakashuka nayo mabondeni siku nyingi kwenda kubadilishana na mahindi. Badala ya lama weka mpagazi wa Kinyamwezi, badala ya mahindi weka jembe la chuma au mtama, na msafara ni uleule.

Lakini asili ya chumvi hizi mbili si moja. Ya Uvinza hupanda na maji yanayopita kwenye miamba ya kale ya chini, ikikutana na mto ikatiririka na kupotea. Ya Uyuni imekaa hapo kwa sababu maji hayana pa kutokea. Bonde limefungwa pande zote na milima, nyingi kati yake volkeno. Mvua na theluji huosha miamba na majivu, chemchemi za moto huongeza za kwao, kila kitu kinateremkia katikati, na njia pekee ya maji kuondoka ni angani. Jua linachukua maji na kuacha madini. Maelfu ya miaka iliyopita palikuwa na maziwa makubwa pale juu, yakakauka, yakarudi, yakakauka tena. Kilichobaki ni ganda jeupe, na chini ya ganda, katika matundu ya chumvi yenyewe, maji mazito. Hayo mazito ndiyo yanayotafutwa.

Tundu, basi. Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu ziwa lolote ni kama lina tundu, yaani mahali pa maji kutokea. Tanganyika letu linalo, mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao mpelelezi Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874. Kwa miaka mingi kabla ya hapo ziwa lilikuwa halijafika kimo cha kumwagika. Likapanda, likapasua kizuizi cha matope na majani, na kufikia mwaka 1878 likawa linatoka kwa nguvu. Hata sasa maji mengi zaidi yanayoondoka Tanganyika yanaondoka kwa jua, na Lukuga unachukua sehemu ndogo tu. Ila sehemu hiyo ndogo inabeba chumvi, na jua halibebi. Ndiyo maana tunayanywa. Funga Lukuga, subiri vizazi vingi sana, kisha uje uonje maji ya Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma.

Na utakachoonja hakitakuwa chumvi. Hapa ndipo ninapowapenda wanafunzi wangu, kwa sababu huwa wanabisha. Kila birika la Kigoma lina ukoko mweupe ndani. Maji ya ziwa yana kabonati nyingi, na yakichemka, kalsiamu na kabonati hushikana zikashuka kama chokaa. Sasa fikiria ngoma ambayo kila mwanamume lazima atoke na mwanamke mmoja. Kalsiamu ni wanaume, kabonati ni wanawake. Wawili wawili wanaondoka. Ngoma ikiisha, nani amebaki uwanjani? Inategemea nani walikuwa wengi tangu mwanzo, hata kama waliwazidi wenzao kwa wachache tu. Upande mmoja utakwisha kabisa na uwanja utakuwa wa wengine watupu.

Kwa maji ya Tanganyika, kabonati ndiyo wengi. Hata magnesiamu, ambayo ziwani ni nyingi kuliko kalsiamu, ikija kusaidia kuwachukua, bado wanabaki. Kwa hiyo ukiyakausha sana utapata magadi. Magadi haya haya ya kulainishia maharage, yanayotoa povu ukiyakamulia ndimu. Maji ya Uvinza yakikaushwa hutoa chumvi, na ukiikamulia ndimu haikujibu kitu. Mkoa mmoja, mto Malagarasi ukiyaunganisha maji hayo yote, na mwisho wake ni vyakula viwili tofauti jikoni.

Mfano wa magadi uliofika mwisho wa safari tunao Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkeno pekee duniani yenye uhai inayotema lava ya kabonati. Kule maji yana ukali wa magadi kiasi cha kuchubua ngozi, na heroe wanataga humo kwa sababu hakuna fisi anayethubutu kuwafuata. Nadharia niliyoipamba kwa ngoma waliiandika kwa ustadi Lawrence Hardie na Hans Eugster mwaka 1970. Huyu Eugster alikuwa amefanya kazi Ziwa Magadi, Kenya. Mwaka 1967 alitangaza madini mapya aliyoyakuta huko, moja likapewa jina la magadiiti na jingine kenyaiti. Hunifurahisha kwamba kanuni ambayo leo wanajiolojia hubeba kwenda nayo Andes, milima ya Bolivia na Chile, ilipata malezi yake kwa majirani zetu, kwenye bonde la ufa.

Uyuni na Atacama zenyewe hazikwenda njia ya magadi. Huko, kabonati ndiyo iliyokwisha mapema, zikabaki salfeti, kloridi, magnesiamu na wenzao. Na hapo urefu wa mahali unaanza kuingilia kati kwa namna ambayo bibi, aliyeishi mita elfu moja hivi juu ya bahari, hakuwahi kuikuta.

Moto wetu unachemsha tu. Kule juu kuna jua kali mchana na baridi ya kugandisha usiku, na kemia hutumia vyote viwili. Chumvi ya kawaida haijali sana joto: maji ya barafu na maji yanayochemka huibeba karibu sawa, gramu 36 dhidi ya 39 katika gramu 100 za maji. Salfeti ya sodiamu inajali mno. Maji ya vuguvugu huibeba kwa wingi, yakipoa huiangusha. Kwa hiyo usiku wa majira ya baridi, maji ya Andes hutema fuwele za salfeti zenyewe, bila mtu kugusa kitu, na jua likirudi baadhi huyeyuka tena. Ni kama sufuria ambayo kila siku inawekwa mekoni na kuteremshwa, kwa maelfu ya miaka.

(Kwa wanaopenda kupika: Uyuni maji huchemka yakiwa nyuzi 88 hivi. Maharage yangepikwa siku nzima. Wangelihitaji magadi yetu kuliko wanavyojua.)

Mabwawa ya Atacama, yale ya kwenye simu ya mwalimu mwenzangu, ni sufuria ya bibi iliyotandazwa. Pale mvua ya mwaka mzima ni milimita chache, wakati Kigoma tunapata karibu milimita 1,000. Maji mazito hupigwa pampu kutoka chini ya ganda yakiwa na lithiamu kama asilimia 0.15 tu. Yanaingia bwawa la kwanza, chumvi inashuka. Yanahamishiwa la pili, chumvi za potasiamu zinashuka, na hizo zina soko la mbolea. La tatu, la nne, magnesiamu zinaanza kujitenga. Rangi zinabadilika kadiri maji yanavyozidi kuwa mazito, hadi ya mwisho ni ya manjano-kijani, yanateleza kama mafuta, na lithiamu ndani yake imefika karibu asilimia 6. Safari hiyo huchukua mwaka au zaidi.

Kwa nini muda wote huo, na jua lile? Kwa sababu maji chumvi hayapendi kuachia maji yake. Kadiri yanavyokolea ndivyo yanavyong'ang'ania kila tone. Jambo hili nyumbani tunalijua kwa upande wake wa pili. Masika ikifika, kibakuli cha chumvi kinalia, chumvi inalowana na kushikana. Chumvi safi huanza kuvuta unyevu pale tu hewa inapofikia asilimia 75 ya unyevu. Kloridi ya magnesiamu huvuta kuanzia asilimia 33. Kloridi ya lithiamu, asilimia 11, na kuna majangwa machache yenye hewa kavu kuliko hapo. Chumvi inayolia sana mezani kwako ina maji machungu ambayo mtengenezaji hakuyamwaga vizuri. Na inapolia hupungukiwa pia na yale madini joto tunayohimizwa kuyala, maana hushuka na unyevu chini ya mfuko. Bibi alikuwa akichota chumvi kwa upawa, anaiweka kwenye kikapu, anakitundika usiku kucha kidondoke. Yale matone niliyodhani ni hasara yalikuwa magnesiamu ikiondoka.

Magnesiamu ndiyo adui wa pande zote mbili. Kwa bibi iliharibu chumvi, kwa watu wa betri inaharibu lithiamu, kwa kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji, za hizi mbili zinafanana tabia na hazitengani kirahisi. Atacama kuna magnesiamu kama mara sita ya lithiamu, jambo linalovumilika. Uyuni ni karibu mara ishirini, na mvua za majira yao ya joto hufunika uwanda wote kwa maji yanayong'aa kama kioo, watalii wakapiga picha, mabwawa yakacheleweshwa. Ndiyo sababu Bolivia, iliyokalia lithiamu nyingi mno, imekuwa nyuma ya jirani zake miaka mingi. Siasa zipo, sikatai, lakini hata bila siasa, mara ishirini ni mara ishirini.

Hatua ya mwisho ndiyo niipendayo kuliko zote. Maji yale ya manjano husafirishwa kwa malori hadi kiwandani karibu na Antofagasta. Boroni inaondolewa, magnesiamu iliyobaki inaondolewa kwa chokaa iliyochomwa na soda, yaani kabonati ya sodiamu, binamu wa karibu wa magadi. Kisha maji yanapashwa moto na kutiwa soda tena. Lithiamu inashikana na kabonati na kushuka kama unga mweupe. Kwa nini moto? Kwa sababu kabonati ya lithiamu ni mbishi: maji baridi huibeba vizuri kuliko ya moto. Kwenye nyuzi 0 maji yanabeba gramu 1.5 hivi kwa kila gramu 100, yakifika nyuzi 100 yanabeba nusu ya hapo. Sukari, magadi, chumvi ya kawaida, karibu kila kitu tulichozoea jikoni huyeyuka zaidi tukipasha moto. Huyu anakimbia moto. Nilipowaambia wanafunzi, mmoja wa nyuma alisema, "Mwalimu, huyo ni kama chai inayotengeneza sukari." Nikamwandikia pongezi daftarini.

Kuna gharama, na sitaki kupita kimyakimya. Maji yanayopaa kwenye mabwawa yale hayarudi, na Atacama ni mahali ambapo kila chemchemi ina mwenyewe. Wenyeji, jamii za Lickanantay, wamelalamika kwa miaka kwamba pampu zinavuta maji chini ya malisho yao na chini ya vidimbwi vya pembeni ambamo heroe wa Andes hula. Makampuni hujibu kwamba maji mazito si maji ya kunywa. Ni kweli, hayanyweki. Ila maji matamu ya pembeni huelea juu ya yale mazito na kukutana nayo mpakani, na ukishusha upande mmoja wa mizani, mwingine hautulii.

Sisi tuliilipa yetu kwa miti. Nilipiga hesabu moja jioni nikiwa nimekaa bila umeme. Dumu moja la maji yaliyoshiba lina kilo 17 na ushee za maji ya kuvukizwa. Kwa mafiga matatu, ambayo sehemu kubwa ya moto wake inapasha hewa, nilipata karibu kilo 20 za kuni kwa kilo 6 za chumvi. Zidisha kwa miaka 1,500. Jua la Uvinza lipo, na leo maji yanaanikwa pia badala ya kuchemshwa tu, lakini masika yetu hayana subira ya Atacama. Kiangazi kinakupa miezi michache, halafu wingu linakuja kurudisha kila tone ulilolitoa.

Bibi bado yupo, macho yamepungua. Nilipomtembelea Desemba nikamwonyesha ile picha kwenye simu, nikamkuzia vilima vyeupe mpaka vikajaa kioo. Nikamweleza kwamba kuna nchi wanatupa chumvi na kutunza maji ya mwisho, na kwamba ndiyo yanayowasha simu hiyo aliyoishika.

Akaipeleka simu mbali na uso, akaileta karibu.

"Kwa hiyo yana wenyewe," akasema.

"Yana wenyewe, bibi."

"Si nilikwambia si yako."

Nilirudi mjini na chupa ndogo ya maji machungu kutoka kwenye kikapu kilichokuwa kikidondoka kwa jirani yake, wanaochemsha kidogo kwa matumizi yao. Nimeiweka bila kifuniko kwenye dirisha la maabara, na wanafunzi wameweka alama ya kalamu pale maji yalipoishia. Januari na Februari mvua zilipopungua, yalishuka kidogo, yakaacha pete nyeupe kwenye kioo. Sasa ni Aprili. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo, hakuna aliyeigusa chupa, na maji yamepanda juu ya alama kwa upana wa kidole.